Mirth si ya bure tena: tulio na toleo la zamani tulipe, tuhame au tukae kimya?

Maabara_Usiku

Habari zenu wakuu.

Mimi ni mtu wa TEHAMA kwenye hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Kwenye karatasi tuko wawili, lakini mwenzangu yuko masomoni, kwa hiyo niko peke yangu. Tuna mashine tatu maabara: ya FBP (picha kamili ya damu), ya kemia na ya homoni. Zote zinapeleka majibu kwenye mfumo wa hospitali kupitia Mirth Connect, programu inayokaa katikati na kupitisha ujumbe ili mifumo isomane. Iliwekwa na waliotuuzia mashine, kabla sijaajiriwa. Inafanya kazi. Sijawahi kuigusa zaidi ya kuizima na kuiwasha umeme ukileta shida.

Wiki iliyopita kwenye kikao mganga mfawidhi akaniambia amesikia Mirth ilifungwa tangu Machi 2025, toleo jipya ni la kulipia. Anataka ukurasa mmoja: tulipe, tuhame au tukae kimya. Nimeanza kusoma nikakutana na Open Integration Engine, BridgeLink, Camel, OpenHIM... kichwa kinazunguka. Wapo wanaosema mwaka huu mmoja programu huria za kufanya mifumo isomane zimepiga hatua kubwa, wapo wanaosema ni watu watatu na ukurasa wa GitHub.

Naomba kusikia kutoka kwa aliyehama kweli, sio aliyesoma kuhusu kuhama. Siku yenyewe ilikuwaje?

---

Mzee_wa_Excel

Lipeni leseni mlale usingizi. Hospitali si mahali pa kujaribia vitu vya bure.

---

Maabara_Usiku

Mzee, sentensi hiyo njoo uisome wewe mbele ya mhasibu wetu. Bajeti ya mwaka huu wa fedha imeshafungwa, na hata vitendanishi vya mashine ya homoni vinaisha kabla ya mwezi kwisha.

---

MamaKebo

Mimi nimehama, vituo viwili. Cha kwanza Septemba mwaka jana, cha pili Januari. Jina hili walinipa mafundi wenzangu enzi zile mashine za maabara zinaongea kwa waya wa RS-232 na mimi natembea na mkoba umejaa kebo kama muuza mikanda. Kwa hiyo nisome kama fundi, sio kama mtu wa sera.

Kwanza tuweke sawa kilichotokea. Mirth ilianza 2006 kule California, na mwaka 2013 ikanunuliwa na kampuni mama ya NextGen. Miaka yote hiyo kiini chake kilikuwa huru chini ya leseni ya Mozilla, na walichokuwa wanauza ni msaada na viongezeo fulani. Machi 2025 NextGen wakatangaza kwamba kuanzia toleo la 4.6 ni la kulipia. Ni mali yao, wana haki. Lakini leseni ile hairudi kinyumenyume: msimbo wa 4.5.2 ulishatoka mikononi mwao ukiwa huru, na utabaki huru. (Wengine mnauita kodi. Mimi kodi ni ya TRA.)

Watu wakauchukua. Innovar Healthcare, kampuni ya Marekani, wakatoa BridgeLink. Wengine, wengi wao wale waliokuwa wanatujibu maswali bure miaka nenda rudi, wakaanzisha Open Integration Engine. Toleo lao la kwanza walilitoa 2025 hiyohiyo na wakaliacha na namba ileile, 4.5.2. Hapo ndipo niliposema hawa wana akili. Mtu mwenye papara angeliita 5.0 na kubadilisha rangi za vitufe. Wao walihangaika na mambo yasiyopigiwa makofi: kutoa jina na nembo ambavyo si vyao, kuhakikisha mtu yeyote anaweza kuijenga programu mwenyewe kutoka kwenye msimbo, kukubaliana nani anaidhinisha mabadiliko. Ukiniuliza maendeleo ya mwaka huu ni yapi, nitakuambia ni kwamba chaneli zako zilezile, yaani njia ulizopanga za kupokea na kupeleka ujumbe wa kila mashine, zinaingia kule na hazijui kama zimehama nyumba. Nyie mnaosubiri vipengele vipya mtasema hakuna kilichofanyika. Sawa.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi usiku, maana Jumamosi usiku maabara ile hupata sampuli za dharura tu. Saa mbili nikachukua bakapu ya databesi, PostgreSQL, kwa pg_dump. Nikahamisha mpangilio wote wa chaneli kuwa faili moja la XML. Halafu nikanakili folda nzima ya appdata, ambamo kuna keystore.jks (funguo za kusimbua data) na server.id (kitambulisho cha seva). Hili wengi wanalisahau, na kama data yako imesimbwa basi umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe. Nikanakili pia mirth.properties, faili la mipangilio ya seva. Vyote kwenye flashi, na flashi mfukoni.

Programu mpya niliisimika kwenye folda yake, sio juu ya ile ya zamani, na nikaielekeza kwenye NAKALA ya databesi. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ikiwaka kwa mara ya kwanza inajibadilishia majedwali yenyewe kulingana na toleo lake, na hakuna kitufe cha kurudi. Ukiipa databesi halisi na mambo yakaharibika, hata Mirth yako ya zamani haitaitambua tena. Nilikuwa natumia Java 17, kwa hiyo ilibidi niongeze mistari fulani kwenye faili la vmoptions, lenye maelekezo ya kuwashia Java. Bila hiyo haiwaki. Kwa kufungulia dirisha la usimamizi nilitumia Ballista badala ya kile kifungulio cha zamani.

Anwani ya IP sikuibadilisha. Mashine za maabara zimefundishwa kupiga anwani fulani, mlango 6661, na kumpata mhandisi wa mashine aje kubadilisha namba nne ni safari ya kumtoa Dar.

Saa sita kasoro nikaiwasha. Chaneli zote kijani. Lakini kijani maana yake ni kwamba chaneli imeamka tu, haijaonyesha kazi. Nikahitaji sampuli, na wodi zilikuwa kimya. Mteknolojia wa zamu akanitazama, akachukua sindano, akanitoa damu mimi. Tukaweka kwenye mashine ya FBP, tukasubiri. Ujumbe ukaingia, ORU kamili (ndio ujumbe wa majibu ya kipimo), chaneli ikajibu MSA|AA, yaani nimepokea, mashine ikaridhika. Hilo jibu ndilo moyo wa kazi yote, msilidharau: mashine isipolipata itatuma tena na tena, na mgonjwa mmoja atakuwa na majibu matano. Kwenye kompyuta ya daktari likatokea jina langu, hemoglobini 10.2. Mteknolojia akasema mfumo wako mzima mama, ila wewe nenda ukale matembele.

Nikalala nikijisifu. Jumatatu saa tatu asubuhi simu: majibu ya mama mmoja hayaonekani. Nafungua dashibodi, kuna ujumbe mmoja mwekundu. Kosa la SQL. Jina la mgonjwa: Ng'wandu.

Mmeshaelewa? Aliyetengeneza chaneli ile miaka ya nyuma alikuwa anaunga jina la mgonjwa moja kwa moja ndani ya sentensi ya INSERT, amri ya kuingiza data kwenye databesi, neno kwa neno, kwenye JavaScript. Databesi inajua jina limeanza na kuisha kwa alama ya '. Ikifika kwenye Ng' inadhani jina limekwisha, halafu inakutana na wandu, inachanganyikiwa, inakataa ujumbe wote. Mimi mara moja nikailaumu programu mpya, kama ambavyo ungefanya wewe. Nikataka kurudi nyuma, flashi tayari mkononi. Ndipo yule mteknolojia akaniambia, hiyo ya kawaida, hao huwa tunawaandikia kwa mkono. Akatoa daftari la kaunta. Kurasa na kurasa: Ng'wandu, Ng'wigulu, Ng'hindi, Ng'homango. Nikaenda kuangalia databesi ya zamani, makosa yaleyale yamelala mle miaka mingi, hakuna aliyewahi kufungua. Pale maabara walikuwa na msemo wao kabisa: mashine hii haipendi Wasukuma.

Nikarekebisha mistari miwili. Badala ya kuunga jina unaweka alama ya kuuliza kwenye INSERT, na majina unayapeleka pembeni kama orodha. ExecuteUpdate inapokea vyote viwili. Nusu saa ya kazi. Halafu nikaweka tahadhari, ujumbe wowote ukikwama barua pepe iniamshe.

Kuhama hakukuleta kosa lile wala hakukuliondoa. Lilionekana kwa sababu wiki ile kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu anayeangalia. Kwa hiyo kwenye ukurasa wako usianze na leseni. Anza na swali nani hapo hospitalini anajua chaneli zenu zinafanya nini. Ukilipa bila kujua, umelipa. Ukihama bila kujua, umehama na uchafu wako.

Mambo madogo mawili. Kiongezeo cha kusimba mawasiliano ya chaneli kilikuwa cha kulipia hata zamani, usitarajie kukikuta kimekaa tu kwenye matoleo huria. Data ikitoka nje ya jengo ipitishe kwenye VPN. Na OpenHIM ni kitu kizuri lakini ni kazi nyingine. Ile ilikua na mradi wa afya wa Rwanda na watu wa shirika la Jembi la Afrika Kusini. Inakaa katikati ya mifumo mikubwa, kuangalia nani anaruhusiwa kuongea na nani na kuweka kumbukumbu. Haikai chumbani na mashine ya FBP.

Kabla hatujaendelea niambie toleo lako. Sio unalodhani. Toleo.

---

Maabara_Usiku

Dah. Asante sana mama, hapo kwenye daftari la kaunta nimecheka halafu nikanyamaza, kwa sababu na sisi tunalo.

Toleo ni 4.5.2, ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti ya makabidhiano.

---

MamaKebo

Ripoti ya makabidhiano haiwashi seva. Kaa kwenye laptopu yoyote humo ndani andika hivi, weka IP yako:

`curl -k -H "X-Requested-With: OpenAPI" https://IP:8443/api/server/version`

Haiulizi nenosiri.

---

Maabara_Usiku

Imenijibu 4.3.0.

Na kitu kingine, nimejaribu kutoka kwenye simu yangu kwa data ya kawaida, nje ya mtandao wa hospitali, nikitumia IP ya nje. Imejibu pia. Nadhani waliotuuzia waliufungua huo mlango ili watusaidie kwa mbali.

---

MamaKebo

Acha kuandika ukurasa wa mganga. Nenda kwenye ruta sasa hivi, ufunge mlango 8443, halafu rudi.

Matoleo yote kabla ya 4.4.1 yana tundu linaloitwa CVE-2023-43208. Mtu asiye na akaunti, asiye na nenosiri, anatuma XML iliyotengenezwa vizuri kwenye mlango huo na seva inatekeleza amri zake. Walilitangaza Horizon3.ai mwaka 2023. Walifika pale baada ya kuona tundu jingine lililodhaniwa kuzibwa kwenye 4.4.0 bado lina upenyo. Mei 2024 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, likaliingiza kwenye orodha ya matundu ambayo wahalifu wanayatumia kweli. Na kama ulivyoona, seva yenyewe inamtajia kila apitaye namba yake ya toleo.

Ukishafunga, angalia orodha ya watumiaji ndani ya Mirth na ndani ya seva, angalia kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe usiku, angalia chaneli ambazo hamzijui. Ukikuta kitu cha ajabu usifute. Chomoa waya wa mtandao, upige simu kwa wakubwa wako, utumie karatasi siku hiyo.

Mzee wa Excel, unaona? Hata angekuwa na leseni mfukoni, mlango ungekuwa wazi.

---

Mzee_wa_Excel

Nimeona. Ila angekuwa na leseni angekuwa na mtu wa kumpigia simu.

---

MamaKebo

Walishakuwa na mtu wa kumpigia simu. Ndiye aliyeufungua.

---

Ngamia_wa_Kilindini

Salaam kutoka Mombasa. Mimi si mtu wa hospitali, nashughulika na nyaraka za mizigo, ila nimeona Camel imetajwa na hamkumpa ngamia hata maji.

Kwetu Apache Camel ndiyo inayobeba kila kitu: faili zinazoshushwa kwenye SFTP, foleni, API za wateja. Mradi huu uko tangu 2007, uko chini ya taasisi ya Apache, hakuna kampuni moja inayoweza kuamka asubuhi na kuufunga. Kwangu hiyo peke yake inatosha. Mwaka 2025 ulitupa matoleo mawili yanayotunzwa kwa muda mrefu, 4.10 mwezi Februari na 4.14 mwezi Agosti, na mambo ya kuandika njia (maagizo ya ujumbe utoke wapi uende wapi) kwa YAML na kuijaribu papo hapo kwenye laptopu bila kujenga mradi mzima yamekuwa rahisi mno. Miaka mitatu iliyopita kumfundisha kijana mgeni ilinichukua mwezi. Wa mwisho alikuwa na njia yake ya kwanza inafanya kazi kabla ya chai ya saa nne, siku yake ya pili. Na HL7, lugha ya ujumbe wa mashine zenu, ipo, MLLP ya kuusafirisha ipo, zote ni vipengele vya kawaida.

Nisiwafiche, na sisi tulipata joto. Machi hiyohiyo ya 2025 ikatangazwa CVE-2025-27636. Camel ilikuwa inazuia vichwa vya ujumbe vinavyoanza na neno Camel au camel visiingie kutoka nje. Mtu akagundua ukiandika CAmel, herufi mbili kubwa, kinapita kama kuku aliyekuta ua halina lango. Marekebisho yalishatoka, lakini Jumatano yangu yote iliishia kutafuta ni njia zipi zetu zilizo wazi kwa HTTP. Wale walio na Camel 3 hadi leo, marekebisho yao ya tundu hilo yako kwenye 3.22.4, na mfululizo wa 3 umeshaachwa. Msilale humo.

---

MamaKebo

Karibu bwana Ngamia. Sina ugomvi naye, nikiwa na vijana wawili wa Java ningemfuga. Ila huyu mwenzetu yuko peke yake, na mteknolojia wa zamu akimpigia usiku anahitaji dirisha lenye kijani na nyekundu ambalo hata yule mteknolojia anaweza kumsomea kwenye simu. "Kaka, ya kemia ni nyekundu." Hilo Mirth na wadogo zake wanalo tangu zamani, na kwa hospitali ya wilaya lina thamani kuliko umaridadi wa njia zako za YAML.

---

Ngamia_wa_Kilindini

Hapo umenifunga mdomo, dada.

---

Maabara_Usiku

Nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku tatu.

Mlango umefungwa saa ileile. Kwenye ruta nilikuta na mlango mwingine wa kompyuta ya mbali, nao nimeufunga. Waliotuuzia wakapiga simu kesho yake asubuhi wakilalamika hawaingii, nikawaambia waandike barua kwa mganga mfawidhi. Orodha ya watumiaji ina majina mawili tu, langu na "admin", na nenosiri la admin lilikuwa admin. Nimeona aibu hata kuliandika hapa. Kazi za usiku hakuna ya ajabu, chaneli ni nne na zote nazijua isipokuwa moja inaitwa TEST2 ambayo imezimwa tangu 2022.

Mganga nimempa ukurasa. Nimeandika: tunahamia Open Integration Engine, kwa nakala kwanza, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na ninahitaji diski moja na ruhusa ya kukaa maabara usiku. Leseni nimeiweka mstari wa mwisho. Alichouliza ni kimoja tu: wale wanaoandikwa kwenye daftari ni wangapi? Nikalifungua mbele yake. Ukurasa wa wiki hii peke yake una kumi na saba.

Kwa hiyo nimeingia kwenye chaneli ya FBP kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, kwenye transforma, sehemu inayogeuza ujumbe, na nadhani nimeuona mstari wenyewe:

`"INSERT INTO majibu (jina, kipimo, thamani) VALUES ('" + jina + "', '" + ...`

MamaKebo, ndio huu?

---

MamaKebo

Ndio huo huo. Nadhani chaneli zenu na zile zangu zilitengenezwa na fundi mmoja.

Lakini leo Ijumaa saa kumi. Usiuguse mpaka Jumatatu.